Nilidhani nimetulia, kumbe nimenyamaza tu

KIMYA KINGI (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna. Na hata nikinuna hamtajua, maana hiyo ndiyo mada yenyewe.

Miaka yote nimejisifu kwamba mimi si mtu wa hasira. Kazini wananisema kwa wema: yule bwana ana moyo mpana, hapandishi sauti. Mtu akinifokea namtazama, namwambia "nimekuelewa", naendelea na shughuli zangu. Wanaogombana hadharani nilikuwa nawaona watu wasiojiweza.

Mwaka jana, kwenye kikao, msimamizi wangu aliichukua ripoti yangu akaanza kuichanachana mbele ya watu kumi na mmoja. Angeikosoa ningeelewa. Yeye alinicheka. Nikatabasamu. Nilikuwa na kalamu mkononi, na chini ya meza kidole gumba kilikuwa kinakandamiza kifuniko chake mpaka kikapasuka. Nikasema, "Asante kwa maoni." Jioni nafika nyumbani, mwanangu wa miaka sita kaacha kiatu katikati ya mlango. Kiatu kimoja. Niliyomwambia yule mtoto siwezi kuyaandika hapa. Alikiokota kile kiatu akakikumbatia kifuani, akabaki amesimama, hajui akiweke wapi.

Mke wangu hakunigombeza. Usiku, taa imeshazimwa, akasema: "Watu wanakusifu umetulia. Hujatulia wewe. Umenyamaza tu." Nilibisha. Kesho yake ndipo nikaanza kusoma habari za hisia na namna watu wanavyozidhibiti, nikakuta maneno ya mke wangu yalishapimwa maabara zamani.

Mwaka 1993 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, waliandika juu ya jaribio walilofanya kwa filamu fupi za kutia kinyaa, za matibabu ya majeraha ya moto na upasuaji wa kukata mkono. Baadhi ya washiriki waliambiwa watazame tu. Wengine wakaambiwa: tazameni, lakini mtu akiwaangalia usoni asijue mnahisi nini. Hao wa pili waliweza kweli, nyuso zao zilikuwa kavu. Walipoulizwa wanajisikiaje, kinyaa kilikuwa palepale. Na mwilini, kwenye jasho la ngozi na mishipa ya damu ya vidoleni, kulikuwa na dalili kwamba ule mfumo wa neva unaotuandaa kwa hatari umepanda kuliko kwa wale waliotazama bila kujizuia. Mlango umefungwa, jikoni kunawaka.

Halafu kuna kazi ya Jane Richards na Gross huyohuyo, mwaka 2000. Mtu anayejibana uso hukumbuka vibaya yaliyosemwa wakati anajibana, kwa kuwa akili yake iko kwenye ulinzi. Hii ilinichoma, maana mpaka leo ukiniuliza msimamizi alitaja kasoro gani kwenye ile ripoti, nakumbuka kalamu tu.

Mwaka 1998 Gross alieleza kwamba hisia ina safari, na kuna sehemu tano njiani ambapo unaweza kuipokea. Unaweza kuchagua usiende kabisa pale unapojua patakuchafua. Ukienda, unaweza kubadili jambo hapohapo, kama kumwomba mtu mzungumze pembeni. Ukishindwa hilo unahamisha macho na mawazo. Ukishindwa tena unalisoma upya jambo lenyewe: huyu ananidharau, au naye kabanwa na wakubwa wake? Mwisho kabisa, hisia imeshaiva, ndipo unabaki na kazi ya kuzuia uso, mdomo na mikono. Mimi maisha yangu yote nimesimama kituo cha mwisho, basi linakuja kwa kasi, nataka kulisimamisha kwa kifua.

Sasa naomba mchango. Nani humu amejifunza kulipokea mapema? Nadharia ninazo za kutosha, nataka kusikia mnafanyaje siku yenyewe. Nawasilisha.

MPIGA ZAMU

Mkuu, jina lako lenyewe limeshajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ameupata mtoto.

Mimi napokea simu za wateja, mwaka wa saba huu. Kazini kwetu tunafundishwa kutabasamu wakati wa kuongea kwa sababu eti tabasamu linasikika. Na kweli linasikika. Lakini ukitabasamu saa nane kwa watu wanaokutukana, ukitoka uso unauma kama umetafuna mpira. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikifika nyumbani sitaki kuguswa wala kusemeshwa.

Kuna mwanasosholojia, Arlie Hochschild, alilichimba jambo hili mwaka 1983 kwa kufuatilia wahudumu wa ndege na wakusanya madeni. Wahudumu wanalipwa ili wawe wakunjufu, wakusanya madeni wanalipwa ili wawe wakali, na wote wawili wanauza hisia pamoja na nguvu zao. Akatofautisha kuigiza kwa juujuu na kuigiza kwa ndani. Wa juujuu anavaa uso tu. Wa ndani anajitahidi kuhisi kweli kile anachokionyesha. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta kwamba uchovu ule wa kuunguzwa na kazi unaenda zaidi na kuigiza kwa juujuu.

Ninavyofanya mimi: mtu akianza kufoka, kabla sijamjibu najiuliza, hii ni simu yake ya ngapi? Mara nyingi ametupwa kutoka idara hadi idara. Anazifokea idara zote tano, sikio lililopo ni langu. Hilo likishaniingia, sauti yangu inashuka yenyewe, sihitaji kuivalisha. Ila nisiwadanganye, haifanyi kazi kwa kila mtu. Kuna mmoja hupiga kila mwisho wa mwezi, huyo namvalia uso tu, na Mungu anisamehe.

NYUNDO

Mambo ya wenye muda haya. Hasira ni moshi, utoe utoke. Mimi nikiudhika nafoka dakika mbili, nikiwa peke yangu napiga gunia la mazoezi huku namfikiria mtu mwenyewe, imekwisha. Sina kinyongo na kiumbe. Nyie mnaomeza ndio mnaokuja kulipuka na kuumiza watoto.

KIMYA KINGI

Nyundo, hilo la mwisho nalipokea, nimestahili.

Ila la gunia limejaribiwa mkuu, tena kama unavyolifanya wewe. Brad Bushman, mwaka 2002, aliwachukua wanafunzi 600 wa chuo, akawaandikisha insha, kisha kila mmoja akarudishiwa insha yake imepondwa vibaya mno. Watu wakapanda. Kundi la kwanza likapewa gunia lipige likimfikiria aliyeiponda insha. La pili likapiga likifikiria kujenga mwili. La tatu likakaa kimya dakika mbili bila kufanya lolote. Baadaye wote wakapewa nafasi ya kumpigia yule mtu kelele za kukera masikioni. Waliopiga gunia huku wakimfikiria ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote, na ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Waliokaa bure ndio waliokuwa wapole kuliko wote.

NYUNDO

Kwa hiyo nikae kama gogo?

KIMYA KINGI

Dakika mbili tu.

JAKAMOYO

Hapo kwenye kukaa pana mtego, naomba niuseme. Mimi ni bingwa wa kukaa. Nakaa nikicheua. Jambo la asubuhi nalimeza, saa sita linarudi mdomoni, nalitafuna upya, nalimeza, usiku linarudi tena. Ukiniona utasema ametulia, kumbe niko kwenye mabishano na mtu aliyelala zake.

Susan Nolen-Hoeksema alitumia maisha yake kuchunguza tabia hii. Mwaka 1989 alikuwa ameshawahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, namna wanavyoishi na huzuni zao, na siku chache baadaye likapiga tetemeko la ardhi lijulikanalo kama Loma Prieta. Bahati mbaya kwao, bahati kwa utafiti. Akarudi kwa wanafunzi walewale. Waliokuwa na mazoea ya kucheua kabla ya tetemeko ndio waliokutwa na dalili nyingi zaidi za sonona, siku kumi baada yake na hata wiki saba baadaye.

Kwa hiyo, Nyundo, kukaa kwenyewe kuna kukaa na kukaa. Mimi kilichonisaidia ni mikono: kukunja nguo, kuosha vyombo, kitu chenye mwanzo na mwisho. Kulala nikiangalia dari ndiyo sumu yangu.

BINT KAMUSI

Nimesoma kimya muda mrefu, leo naingia kwa sababu mnatumia neno moja kwa vitu kumi. Hasira, hasira, hasira. Lugha yetu haikutunyima maneno hivyo.

Hamaki ni ile inayowaka ghafla kama karatasi, mara imezimika, na mwenyewe anashangaa alichosema. Ghadhabu ni nzito, ina kishindo, inataka adhabu. Kero haitaki mtu, inataka jambo liondoke: mlango unaolia, jirani wa dawati anayegongagonga kalamu. Kinyongo ni hasira iliyopewa chumba, inaishi kwako na haitoi kodi. Fundo ni kinyongo kilichokaa mpaka kikakaza. Uchungu una maumivu ndani yake, humpati mtu usiyemjali akakutia uchungu. Dukuduku ni neno linalotaka kusemwa na halijasemwa. Halafu kuna soni, kuna fedheha, kuna wivu, na hawa wote hupenda kutoka nje wamevaa nguo za hasira kwa sababu hasira ina heshima kuliko wao.

Hili nalisema kwa maana. Matthew Lieberman na wenzake, mwaka 2007, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakawaonyesha nyuso zenye hofu na ghadhabu. Walipochagua neno la kuitaja hisia ya uso ule, amigdala, kile kipande cha ubongo kinachopiga king'ora, ilishuka kuliko walipochagua jina la kike au la kiume la kuupa uso uleule. Kutaja tu. Hakuna ushauri, hakuna maombi, ni jina. Na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett ameandika sana kwamba wanaoweza kutofautisha hisia zao kwa undani hujimudu vizuri kuliko wanaosema "najisikia vibaya" basi.

Kila jina lina dawa yake. Kero iondolee chanzo. Dukuduku liseme. Kinyongo kinataka mtu wa upande wa pili. Mleta uzi, mimi sidhani kwamba ulikasirika kwenye kile kikao. Nimesoma kisa chako mara mbili, nadhani ulifedheheka. Fedheha haiondoki kwa kupumua polepole, inataka heshima irudishwe pale ilipovuliwa. Hukuirudisha, ukaenda kuitafuta kwa mtoto wa miaka sita.

KIMYA KINGI

Hapo kwenye sentensi ya mwisho niliweka simu chini, nikatoka nje kidogo. Asante dada.

MUUGUZI WA USIKU

Fupi tu, niko mapumziko. Mnazungumza akili, nami nazungumza usingizi. Mwaka 2007 timu ya Matthew Walker ilikuta kwamba waliokosa usingizi kwa takriban saa 35, wakionyeshwa picha za kutisha, amigdala zao ziliitikia kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya breki, yalikuwa yamelegea. Mimi baada ya zamu tatu za usiku sijadili jambo lolote la ndoa, la pesa wala la wakwe. Tumekubaliana nyumbani. Nikianzisha mwenyewe, mume wangu ana ruhusa ya kunielekeza kitandani, na siruhusiwi kukasirika kwa hilo. (Nakasirika.)

MPINZANI

Nimekuwa nikisubiri mtu aseme, nitasema mimi. Hii "lisome upya jambo" inapendwa sana na mabosi. Anakudhalilisha, wewe unaambiwa ulitazame kwa jicho jingine, labda naye kabanwa. Sawa, kabanwa. Kesho atakudhalilisha tena kwa sababu hujambana popote.

Hata watafiti wameliona. Allison Troy na wenzake, mwaka 2013, walikuta kwamba uwezo wa kulitafsiri jambo upya ulienda na sonona ndogo kwa watu ambao shida yao ilikuwa nje ya uwezo wao. Kwa wale ambao shida yao ilikuwa ndani ya uwezo wao kuirekebisha, mambo yaligeuka: wenye uwezo huo ndio waliokuwa na sonona zaidi. Maana yake kwa lugha ya barazani, ukiwa na nyundo na msumari ukachagua kuutafakari msumari, utachomwa mguu.

Na jingine. Tafiti nyingi hizi zimefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Emily Butler, Tiffany Lee na Gross wenyewe, mwaka 2007, walikuta kwamba madhara ya kujizuia yalikuwa madogo kwa wanawake waliokulia kwenye maadili ya Kiasia, ambako kujizuia ni adabu. Kwa hiyo tusiseme kila anayemeza anaumwa. Kuna anayemeza kwa hiari, kwa kumstahi mtu, na kuna anayemeza kwa hofu.

KIMYA KINGI

Mpinzani, hapa nasalimu amri. Nilikuwa nimeshaanza kumtungia msimamizi wangu visingizio, na nilikuwa najiona nimekomaa.

MKE WA BUBU

Niruhusuni wanaume, maana naona mnaongea kuhusu vifua vyenu tu.

Mimi naishi na Kimya Kingi mwenzako. Hajawahi kunitukana, hajawahi kuvunja hata glasi. Tukipishana, anazima. Anaweza kukaa siku mbili anajibu "ndiyo", "hapana", "sijui". Marafiki wananiambia nina bahati. Nyie hamjui. Napika huku nasikiliza hatua zake, napima anavyofunga mlango, natafsiri namna alivyoweka kikombe. Nimekuwa mkalimani wa mtu asiyesema. Tukienda kwa watu anacheka vizuri kabisa, na ndipo ninapohisi upweke ulio mkubwa kuliko wote.

Nilipokutana na utafiti wa Emily Butler wa mwaka 2003 nililia. Waliwakutanisha wanawake wasiojuana wawili wawili, wakatazama filamu ya kuumiza, kisha wakaizungumzia. Katika baadhi ya jozi mmoja aliambiwa kwa siri afiche hisia zake. Shinikizo la damu likapanda. Sisemi la aliyeficha peke yake. La mwenzake pia, aliyekuwa anazungumza naye, ambaye hakuambiwa lolote! Na hakuwa na hamu sana ya kuwa rafiki yake. Kwa hiyo mnaposema "mimi nameza mwenyewe, simsumbui mtu", mnatusumbua. Tunaipata kwenye damu.

Nitende haki. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo mingi, anasema anayezima mara nyingi hafanyi kiburi, amefurika. Moyo umepita mapigo 100 kwa dakika, masikio hayasikii tena. Ushauri wake ni mkae kando dakika 20 angalau, mwili ushuke, na katika muda huo usiandae hoja za kurudi nazo. Hilo nimelikubali. Tatizo langu ni kwamba wangu akienda kando hasemi anarudi lini. Mtu akisema "nipe nusu saa, nitarudi tuzungumze", anapumzika. Akiondoka bila neno, ameniacha. Mwili ni uleule, miguu ni ileile, lakini anayebaki sebuleni anajua tofauti.

MPIGA ZAMU

Nimemtumia mtu uzi huu. Hajajibu. Nadhani amezima.

KIMYA KINGI

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, niliahidi nitaleta mrejesho.

La kazini kwanza. Nilimwomba msimamizi dakika tano, mlango umefungwa. Nilikuwa nimeandika sentensi mbili kwenye karatasi kwa sababu najijua, nikifika nitatabasamu. Nikamwambia: "Kasoro za ripoti nazipokea. Kile kicheko mbele ya watu kilinifedhehesha, na naomba nikikosea tena niitwe pembeni." Mikono ilikuwa inatetemeka nikaiweka chini ya meza. Hakuomba radhi. Alisema "sawa", akageukia kompyuta yake. Kwenye kikao kilichofuata aliipita ripoti yangu bila neno, na mpaka leo sijui kama ni heshima au kisasi. Lakini jioni ile nilifika nyumbani nikiwa sina kitu cha kummwagia mtu.

La nyumbani ni refu zaidi. Mke wangu kausoma uzi wote, na aya za Mke wa Bubu kazisoma kwa sauti, taratibu, huku ananiangalia. Tumeanza utaratibu wa nusu saa. Naruhusiwa kwenda kando, ila lazima nitaje saa ya kurudi, na yeye anaangalia saa kweli. Mara ya kwanza nilichelewa dakika nne nikakuta kanisubiri mlangoni.

Pia tumejaribu kitu cha Eli Finkel na wenzake. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya wanandoa 120 waliowafuatilia miaka miwili. Nusu yao, katika mwaka wa pili, walikuwa wakiandika kwa dakika saba, mara tatu tu kwa mwaka, kuhusu ugomvi wao kama angeuona mtu wa kando anayewatakia mema wote wawili. Kwa wasioandika, ubora wa ndoa uliendelea kushuka. Kwa walioandika ukaacha kushuka. Sisi tumeandika mara moja. Mtu wa kando wa mke wangu ananiona mtu mwema aliyejifungia ndani na funguo ziko mfukoni mwake mwenyewe. Mtu wa kando wangu aliandika mistari minne akachoka.

Na mtoto. Yale maneno ya Bint Kamusi nimeyabandika kwenye friji, na sasa anayajua yote. Juzi nimeingia, nikaweka mkoba chini kwa kishindo, akaja mpaka pale nilipo.

"Baba, hiyo ni kero au ghadhabu?"

"Kero."

"Ya mimi?"

"Hapana. Ya kazini."

Akarudi kucheza. Viatu vyake vyote viwili vilikuwa mlangoni, nikavivuka.

NYUNDO

Nimekaa dakika mbili kama mlivyosema. Nikakaa tena dakika mbili. Sikupiga gunia, sikumfikiria mtu, nimekunja na nguo. Nimetulia kabisa, ila yule jamaa bado hajanirudishia hela zangu na bado nataka kumfuata.

BINT KAMUSI

Hiyo si hasira mkuu, hilo ni deni. Mfuate.